PICHA, SINDANO, NA MGONGO WA MFANYAKAZI

Wahenga walisema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Neno hilo ni la kweli, lakini wahenga hawakutuachia neno la kumwambia mtu ambaye hawezi kuinama. Naye mtu huyo yu miongoni mwetu kila siku. Ni mchukuzi wa sokoni ambaye amebeba magunia tangu ujana wake. Ni dereva wa lori ashindaye kitini kutoka Dar es Salaam mpaka Tunduma. Ni muuguzi ainuaye wagonjwa wazito usiku kucha, na ni mama alimaye kwa jembe la mkono huku mtoto yu mgongoni. Kila mmoja wao, aamkapo alfajiri, hushika ukuta kwanza ndipo asimame. Na mwezi uishapo hukuta siku zake za kazi zimepungua, na riziki yake pia.

Tusidhani kwamba hili ni jambo dogo la wazee. Hesabu za wataalamu wa afya wa dunia zaonyesha kwamba katika mwaka wa 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo, na yakadiriwa kwamba kufikia mwaka wa 2050 watakuwa milioni 843. Hakuna maradhi mengine duniani yanayowazuia watu wengi kiasi hicho kufanya kazi zao sawasawa. Mfanyakazi hana mtaji ila mwili wake. Mgongo ukishindwa, nyumba nzima hutetereka.

Kwa sababu hiyo si ajabu kwamba watu wanasikiliza kwa hamu habari za sindano ya mgongo, ile ichomwayo huku daktari akitazama picha katika mashine. Husemwa kwamba ni dakika chache tu, kisha mtu huinuka akaenda zake. Basi mmoja huuza ng'ombe, na mwingine hukopa katika chama cha akiba na mikopo, ili aipate. Twaona ni wajibu wetu leo kuieleza sindano hiyo bila ya kuitukuza na bila ya kuitukana, ili msomaji aamue kwa akili yake mwenyewe.

SINDANO HII NI NINI?

Uti wa mgongo ni mnara wa mifupa iitwayo pingili. Kati ya pingili na pingili pana kisahani laini, mfano wa mto mdogo, ambacho hupokea uzito. Nyuma yake pana viungo vidogo viwili, kushoto na kulia, vinavyomruhusu mtu kuinama na kugeuka. Ndani ya mnara hupita mishipa ya fahamu, nayo hutoka kwa matundu madogo kila upande ikielekea miguuni. Kisahani kikipasuka na ute wake ukatokeza, huweza kuubana mshipa na kuutia uvimbe. Ndipo mtu aonapo maumivu kama moto yakishuka kutoka takoni hadi unyayoni. Jambo hilo lilielezwa waziwazi na madaktari wawili wa Boston, Mixter na Barr, katika mwaka wa 1934.

Sindano tunayoizungumza aghalabu huwa na dawa mbili. Ya kwanza ni dawa ya ganzi, ambayo hunyamazisha maumivu kwa saa chache. Ya pili ni steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, ambayo kazi yake huchukua siku kadhaa kuonekana. Dawa hizo hutiwa ama katika nafasi nyembamba iliyo nje ya utando ufunikao uti wa fahamu, ama katika vile viungo vidogo vya nyuma, ama katika kiungo kinachounganisha mgongo na nyonga. Iko pia njia nyingine, ambayo hapo haitiwi dawa ya kutuliza uvimbe bali ncha ya sindano hutiwa joto ili kukiunguza kimshipa kinachopeleka habari za maumivu.

Shauri hili si jipya. Katika mwaka wa 1901, mjini Paris, madaktari Sicard na Cathelin, kila mmoja kwa njia yake, walipitisha dawa ya ganzi kutoka chini kabisa ya uti wa mgongo. Nguvu ya steroidi ilionekana Marekani mwaka wa 1948 kwa wagonjwa wa yabisi, na mwaka wa 1952 Waitalia Robecchi na Capra wakaitia dawa ya namna hiyo karibu na mshipa wa mgonjwa mwenye maumivu ya mguu. Lakini siku zile daktari alifanya kazi kwa kupapasa, mfano wa mtu atafutaye ufunguo gizani. Mara nyingi alidhani amefika, kumbe ncha ya sindano iko mahali pengine.

Hapo ndipo picha ilipoleta faida. Eksirei, ambayo Röntgen aliigundua Ujerumani mwaka wa 1895, leo huweza kutoa picha inayokwenda, si ile iliyosimama tu. Mgonjwa hulala kifudifudi, ngozi husafishwa na kutiwa ganzi, na daktari huisukuma sindano polepole akiitazama katika kioo cha mashine. Afikapo, hutia kwanza rangi kidogo inayoonekana katika picha. Rangi ikienea panapostahili, dawa hufuata. Rangi ikikimbilia katika mshipa wa damu, daktari huirudisha sindano nyuma. Wengine hutumia mashine ya CT, au ile ya mawimbi ya sauti ambayo akina mama wajawazito waijua. Kwa hakika picha imeifanya kazi hii kuwa salama zaidi na ya uhakika zaidi kuliko zamani.

PICHA HUONA NINI?

Lakini hapa ndipo tunapomwomba msomaji asimame kidogo afikiri. Picha humwonyesha daktari mahali sindano ilipo. Haimwonyeshi mahali maumivu yatokapo. Hayo ni mambo mawili mbalimbali, na wengi huyachanganya.

Wataalamu walikusanya picha za migongo ya watu wasio na maumivu yoyote, wakaeleza matokeo yao mwaka wa 2015. Miongoni mwa vijana wa miaka 20 wasioumwa, 37 katika kila 100 walikuwa na visahani vilivyoanza kuchakaa. Miongoni mwa wazee wa miaka 80 wasioumwa, walikuwa 96 katika kila 100. Maana yake ni kwamba visahani huchakaa kama nywele zinavyoota mvi, na mvi si ugonjwa. Basi mtu mwenye miaka 50 akipigwa picha ya MRI na kuambiwa, "Kisahani chako kimechakaa," ameambiwa kweli. Lakini haijathibitishwa kwamba hicho ndicho kimwumizacho. Katika maumivu mengi ya mgongo haionekani sehemu moja ambayo daktari aweza kuigusa kwa kidole na kusema, "Ni hapa." Misuli, viungo, kazi, usingizi mbaya, hofu na huzuni vyote huchangia. Sasa sindano, hata ikilengwa sawasawa kama mshale, itafaa nini ikiwa shabaha yenyewe haijulikani?

MABARAZA MAWILI, MWEZI MMOJA

Huko Marekani, ambako sindano hizi huchomwa kwa mamilioni kila mwaka, na huko Ulaya, madaktari wenyewe wamekuwa wakibishana. Katika mwaka wa 2014 ilitangazwa habari ya jaribio lililofanywa kwa wagonjwa 400 wa Marekani ambao njia ya mishipa katika uti wao ilikuwa imesonga. Nusu yao walichomwa ganzi pamoja na steroidi, na nusu ganzi peke yake, wala mgonjwa hakujua amepata ipi. Baada ya majuma sita makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu, lakini tofauti kati yao ilikuwa ndogo mno au haikuwapo. Katika mwaka wa 2017, Waholanzi nao walieleza majaribio matatu ya kuunguza vimishipa kwa joto, yaliyohusisha wagonjwa 681 waliokuwa pia wakifanya mazoezi. Kuunguza huko hakukuongeza faida ya maana juu ya ile ya mazoezi.

Kisha ukaja mwezi wa Februari 2025. Katika jarida la Uingereza liitwalo The BMJ, baraza la wataalamu pamoja na wagonjwa, baada ya kupima majaribio 81 ya watu karibu 8,000, lilishauri kwa nguvu kwamba sindano hizi na kuunguza vimishipa visitumiwe kwa maumivu ya mgongo yaliyodumu miezi mitatu au zaidi, yasiyotokana na saratani wala uvimbe wa maradhi ya viungo. Mwezi huohuo chama cha madaktari wa mishipa ya fahamu cha Marekani kilitoa maoni yake juu ya sindano za steroidi peke yake. Chenyewe kilisema kwamba kwa wagonjwa ambao mshipa wao umebanwa, wapatao nafuu ya maumivu kwa muda wa hadi miezi mitatu huzidi kwa watu 24 katika kila 100 wakilinganishwa na wasiochomwa. Lakini faida ya muda mrefu ni ndogo. Madaktari wa maumivu nao walilalamika kwamba baraza la kwanza limechanganya magonjwa yasiyofanana katika chungu kimoja.

Je, mfanyakazi amfuate nani? Sisi twaona kwamba mabaraza hayo hayako mbali sana kama yanavyosikika. Hakuna hata moja lililosema kwamba sindano huponya mgongo uliochoka. Hakuna lililosema kwamba mtu mwenye maumivu ya kiuno tu, yasiyoshuka mguuni, ataondoka amepona. Wanaloshindania ni hili: kama yule mwenye mshipa uliobanwa kweli, ambaye mguu wake wawaka moto, aweza kununuliwa majuma kadhaa ya nafuu. Waingereza katika mwongozo wao wa mwaka wa 2016 waliweka mpaka hapohapo. Walikataza sindano kwa maumivu ya kiuno yasiyo na sababu maalumu, wakaruhusu ifikiriwe kwa maumivu makali na mapya ya mguu. Mpaka huo ni mwema, nasi twauona kuwa wa haki.

Nafuu ya majuma kadhaa si kitu cha kudharau. Mtu aliyekosa usingizi kwa mwezi mzima aijua thamani yake. Akiutumia muda huo kuanza kutembea, kunyoosha viungo na kurudisha nguvu za misuli, basi sindano imemfungulia mlango. Lakini akiutumia kurudi chini ya gunia lilelile, mlango utafungwa tena, na fedha zake zitakuwa zimekwenda.

HATARI ZILIZOPO

Haifai pia kuficha hatari zake. Kwa wengi sindano hupita salama. Hata hivyo wengine huumwa kichwa kwa siku kadhaa iwapo utando wa uti umetobolewa. Mwenye kisukari huona sukari yake ikipanda kwa siku chache. Mwenye kutumia dawa za kuzuia damu kuganda aweza kuvuja damu mahali pabaya. Na mara chache sana dawa huingia katika mshipa wa damu ulishao uti wa fahamu. Katika Aprili 2014 idara ya serikali ya Marekani isimamiayo madawa ilionya kwamba sindano za steroidi karibu na uti zimepata kusababisha upofu, kiharusi, kupooza na hata kifo, ingawa ni nadra.

Tukumbuke pia msiba wa mwaka wa 2012. Steroidi iliyotengenezwa katika kiwanda kimoja cha jimbo la Massachusetts ilikuwa imeingia ukungu, ikapelekwa katika majimbo mengi na kuchomwa katika migongo ya watu. Zaidi ya watu 750 waliugua, wengi wao homa ya uti wa mgongo, na zaidi ya 60 wakafa. Mashine zilifanya kazi na picha zilionekana vizuri. Uchafu ulikuwa ndani ya kichupa, mahali ambapo picha haioni.

NA HAPA KWETU?

Sisi wa Afrika ya Mashariki tuna imani ya zamani juu ya sindano. Katika miaka ya 1920 babu zetu waliokuwa na vidonda vya buba walichomwa sindano, na vidonda vikakauka mbele ya macho yao. Tangu hapo mgonjwa arudiye nyumbani bila ya kuchomwa huona kama hakutibiwa. Imani hiyo ilizaliwa na ukweli, lakini buba ilikuwa na kijidudu cha kuuawa. Gunia la kilo mia halina kijidudu.

Hatusemi kwamba tuikatae elimu. Hospitali ya Muhimbili imekuwa, tangu mwaka wa 2018, mahali ambapo madaktari wetu hufundishwa matibabu ya kuongozwa kwa picha, kwa ushirikiano na walimu wa Chuo Kikuu cha Yale. Kwa ufundi huo hutolewa usaha katika ini, huzibuliwa figo iliyoziba, na huchukuliwa kipande cha uvimbe ili kipimwe, bila ya kumpasua mtu. Hayo ni maendeleo ya kujivunia. Tusemalo ni kwamba chombo kizuri hutaka kazi inayokifaa.

Iko sababu nyingine ituhusuyo sisi hasa. Katika nchi zetu kifua kikuu hakikai kifuani tu. Huingia pia katika pingili za mgongo na kuzila. Mwenye maumivu ya mgongo ambaye hupatwa na homa za jioni, hutoka jasho usiku na kukonda, asichomwe steroidi mpaka achunguzwe, maana dawa hiyo hupunguza nguvu za mwili za kupigana na maradhi. Vilevile mtu ambaye miguu yake inalegea, ama amekufa ganzi sehemu za siri, ama hawezi kuzuia mkojo au choo, asingoje sindano wala dua. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, kwani kuchelewa kwaweza kumpoozesha maisha.

MASWALI YA KUULIZA

Kuuliza si ujinga. Kwa heshima zote mgonjwa na amwulize daktari: Je, maumivu yangu yatoka wapi, nawe umelijuaje hilo mbali na picha? Je, ninayo ishara ya mshipa uliobanwa? Nafuu nitakayopata yatazamiwa kudumu majuma mangapi? Ni dawa gani hasa itakayotiwa, na imetoka wapi? Utaiongoza kwa picha, na utatia rangi kwanza? Nisipochomwa, nitakuwaje baada ya miezi mitatu? Na nikishachomwa, nani atanifundisha mazoezi? Daktari mwema hatakasirika. Akasirikaye kwa maswali hayo amekwisha kujibu.

Wala mtu asidanganyike na sindano zichomwazo takoni katika vyumba vya uchochoroni kwa jina la "sindano ya mgongo." Hizo hazina picha wala hazifiki mgongoni, na lile baraza la mwaka wa 2025 lilishauri dhidi ya sindano za msulini pia.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake Desemba 2023 kwa ajili ya maumivu ya kiuno yaliyodumu. Halikutaja vitu vya ghali. Lilitaja kumwelimisha mgonjwa, mazoezi, matibabu ya mikono, msaada wa kuituliza akili, na baadhi ya dawa za kawaida za maumivu. Likashauri kwamba mikanda ya kiuno, mashine za kuvuta mgongo na dawa za jamii ya afyuni zisitumiwe kwa kawaida. Mazoezi hayana fahari ya mashine. Hutaka subira, nayo huuma kidogo mwanzoni. Lakini maumivu ya mgongo uliozoea kulala si dalili ya kwamba unavunjika, na mtu anayetembea kila siku, hata mwendo mfupi, amejitibu zaidi ya yule alalaye chali mwezi mzima.

MZIGO WENYEWE

Tumefika sasa kwenye shina la jambo. Wataalamu wamekadiria kwamba karibu sehemu nne katika kumi za madhara ya maradhi haya hutokana na mambo matatu: kazi nzito na mikao mibaya kazini, tumbaku, na unene uliozidi. Mambo hayo yote matatu yaweza kupunguzwa, na la kwanza si la mfanyakazi peke yake.

Katika mwaka wa 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipatana kwamba mfanyakazi asilazimishwe wala asiruhusiwe kubeba mzigo ambao kwa uzito wake utamdhuru, na pendekezo lake likataja kilo 55 kuwa kikomo kwa mwanamume mzima, na pungufu sana kwa mwanamke. Kenya katika mwaka wa 2019 iliweka sheria kwamba gunia la viazi lisizidi kilo 50. Lakini nani asiyeijua lumbesa? Gunia hushonewa kilemba juu yake, mkulima hupunjwa bei, na mchukuzi hupunjwa mgongo. Mtu mmoja hupata faida ya kilo zilizozidi, na mwingine huzilipia hospitali baada ya miaka kumi. Kisha tunashangaa kwamba sindano haikumponya!

Kwa hiyo twawaambia viongozi wa matawi ya wafanyakazi: kagueni uzito wa magunia kabla ya kukusanya michango ya matibabu. Dai la kigari cha kusukumia mizigo, la kiti kizima cha dereva, na la mtu wa pili wa kusaidia kumwinua mgonjwa wodini, ni dai la afya kama lilivyo dai la dawa. Nanyi waajiri mjue kwamba kigari ni rahisi kuliko fidia, na mtu aliyefanya kazi miaka ishirini ni ghali kumpata tena.

Kwa ndugu yetu ambaye mguu wake wawaka moto usiku huu, na daktari wake ameona kwa ishara za kweli kwamba mshipa umebanwa, twasema: sindano yaweza kukufaa kwa muda, iulize maswali yake, kisha uamue. Kwa yule mwenye kiuno kilichochoka, twasema: usiuze ng'ombe. Ng'ombe huyo atakulisha katika miezi ya mazoezi yako. Na kwa sisi sote tunaopita sokoni na kumtazama mchukuzi akiinama chini ya lumbesa, twasema kwamba kuona huko hakuhitaji eksirei.